Mgomba ndani ya chupa: auksini, saitokinini na uamuzi unaofanyika ndani ya seli

Kata ncha mbili za mgomba wa aina moja, kila moja ukubwa wa sentimita moja. Ya kwanza iweke kwenye midia, yaani chakula cha mmea cha maabarani, yenye miligramu 4.5 za BAP kwa lita; BAP ni homoni ya kundi la saitokinini. Baada ya kuihamisha mara mbili tatu, utaanza kuhesabu machipukizi pembeni mwake. Ya pili iweke kwenye midia ileile isiyo na BAP, ila yenye miligramu 1 ya IBA, homoni ya kundi la auksini. Hii itatoa mizizi na kusimama kama mche mmoja. Jeni zao ni zilezile, na chumvi, sukari na mwanga havikutofautiana. Kilichotofautiana ni miligramu chache za homoni, pamoja na jinsi protini za ndani ya seli zilivyoisoma homoni hiyo.

Maabara nyingi za miche ya tishu zina karatasi ya vipimo iliyobandikwa ukutani. Karatasi hiyo inasema weka nini na kiasi gani, lakini haisemi kwa nini. Ndiyo maana chupa zikigoma, mkono hukimbilia kuongeza BAP, hata pale ambapo BAP yenyewe ndiyo iliyoleta ugomvi. Naamini fundi anayejua ni ishara ipi anaibadilisha ataokoa chupa nyingi kuliko mwenye vipimo kumi vya kujaribu kwa kubahatisha. Basi tuanze ndani ya seli, kisha twende kwenye meza ya kazi.

Seli husoma uwiano

Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha majaribio waliyofanya kwa tishu ya kiini cha shina la tumbaku. Miaka miwili kabla ya hapo, kundi hilohilo lilikuwa limetenga kinetini kutoka kwenye DNA ya mbegu za kiume za samaki aina ya heringi, baada ya DNA hiyo kupikwa kwa mvuke wenye shinikizo. Hiyo ndiyo saitokinini ya kwanza kutengwa. Auksini ilipozidi kinetini, tumbaku ilitoa mizizi. Kinetini ilipozidi, ilitoa machipukizi. Zilipokaribiana, likabaki donge la seli lisilo na umbo, ambalo maabarani huitwa kalasi. Karibu kila midia ya kuzalisha miche leo imesimama juu ya matokeo hayo, na chumvi zake kwa kawaida ni zile ambazo Toshio Murashige na Skoog walizipanga mwaka 1962, zinazojulikana kama MS.

Auksini kwanza. Ndani ya kiini cha seli kuna protini za kundi la ARF zinazokaa juu ya DNA, tayari kuwasha jeni. Protini za kundi lingine, Aux/IAA, huzishika na kuzizuia. Auksini inapofika, huingia kwenye mfuko mdogo ulio katika kipokezi kiitwacho TIR1, kilichotambuliwa rasmi mwaka 2005, na humo inafanya kazi ya gundi: inakibana kipokezi na Aux/IAA pamoja. Aux/IAA iliyobanwa hutiwa alama ya yubikwitini, kisha inapelekwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kuharibu protini, kuvunjwavunjwa. Kizuizi kimeondoka, ARF iko huru, jeni zinawaka. Kwa hiyo auksini haiwashi jeni kwa mkono wake, bali huangamiza kinachozizuia. Jambo hili lina maana kubwa kwa fundi, kwa sababu mwitikio hutegemea ni Aux/IAA zipi na ARF zipi zilizopo katika seli husika. Seli ya tunguu na seli ya ncha zikipewa IBA ileile hazitatoa jibu lilelile.

Pia auksini husafirishwa kwa mwelekeo maalumu. Nje ya seli, kwenye ukuta, kuna asidi kidogo, kwa hiyo sehemu ya IAA, auksini ya asili ya mmea, hukaa bila chaji na hupenya utando. Ikishaingia ndani, ambako pH inakaribia 7, karibu yote inapata chaji na inanaswa. Haiwezi kutoka ila kwa mlango, na milango hiyo ni protini za PIN, ambazo seli huzipanga upande mmoja. Mahali PIN zinapoelekeza mkondo, auksini hurundikana, na pale inaporundikana ndipo jani jipya au mzizi mpya huanzia. Hesabu yake inaonyesha kwa nini pH ya midia inahimizwa sana. IAA ina pKa ya takriban 4.75, yaani katika pH hiyo nusu ya molekuli zake hazina chaji. Katika pH 5.8 karibu asilimia 8 ya molekuli zake hazina chaji, katika pH 7 haifiki hata asilimia 1. Midia iliyopanda pH hupunguza auksini inayoingia kwenye tishu, ingawa umepima sawasawa kwenye mizani.

Saitokinini ina njia nyingine kabisa. Vipokezi vyake, ambavyo cha kwanza (CRE1, au AHK4) kilitambuliwa mwaka 2001, vingi viko kwenye mtandao wa utando wa ndani ya seli. Saitokinini ikishika, kipokezi hujitia fosfeti na kuipitisha kwa protini za AHP, nazo huipeleka ndani ya kiini hadi kwa protini za ARR za aina B, ambazo huwasha jeni. Miongoni mwa jeni zinazowashwa ni zile za ARR za aina A, na hizi hurudi kuipunguza ishara yenyewe. Kwa maneno mengine, mmea umejiwekea kizuizi ndani ya njia ileile: ukizidisha saitokinini, kizuizi nacho kinakua. Ndiyo sababu kutoka miligramu 2 hadi 5 unaona mabadiliko makubwa, lakini kutoka 5 hadi 10 unaongeza hasara kuliko machipukizi.

Zaidi ya hayo, seli zina kimeng'enya cha kuvunja saitokinini, kiitwacho CKX. Zeatini, saitokinini ya asili ya mmea, huvunjwa nacho kwa urahisi. Kinetini na BAP huvumilia zaidi, na TDZ, kemikali inayofanya kazi ya saitokinini lakini kwa umbo lake ni ya jamii tofauti, haivunjwi nacho hata kidogo, tena hukizuia. Kwa hiyo TDZ hutumika kwa vipimo vidogo sana, chini ya miligramu 1 kwa lita, kwa aina ngumu zisizosikia BAP.

Ncha inayojirekebisha

Kinachokuzwa ndani ya chupa, kwa hakika, ni meristemu: kuba dogo la seli lililojificha katikati ya vijani vichanga, upana wake chini ya milimita moja. Katikati ya kuba hilo kuna seli shina zinazoendelea kugawanyika bila kugeuka kuwa jani wala shina. Katika Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana katika utafiti, idadi ya seli hizo inalindwa na jeni mbili zinazotazamana. Jeni ya WUSCHEL huwaka katika kundi la seli lililo chini kidogo. Protini yake hupanda hadi seli za juu na kuziambia zibaki kuwa seli shina, na hapohapo huwasha CLAVATA3. CLAVATA3 hutoa kijiprotini kifupi kinachoshuka na kuizima WUSCHEL. Seli shina zikiongezeka, CLAVATA3 huongezeka na WUSCHEL hupungua. Zikipungua, WUSCHEL hupumua tena.

Saitokinini inaingia humo moja kwa moja: ARR za aina B huwasha WUSCHEL, na WUSCHEL huzima baadhi ya ARR za aina A, yaani huondoa kile kizuizi nilichokitaja. BAP ya kwenye chupa inaongeza nguvu upande wa kujenga meristemu.

Majaribio ya leza kwenye ncha ya mnyanya, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha jambo ambalo mafundi wa migomba walikuwa wakilitumia bila kuliona: ukiteketeza seli za katikati ya meristemu, jeni ya aina ya WUSCHEL huwaka upya pembeni, na ncha mpya hujengwa. Tunapoipasua ncha ya mgomba katikati, kutoka juu kwenda chini, tunafanya mambo mawili kwa mkato mmoja. Tunalazimisha kila nusu ijenge kitovu chake, na tunakata mkondo wa auksini uliokuwa ukizuia vichipukizi vya pembeni. Kenneth Thimann na huyohuyo Skoog walionyesha mwaka 1933 kwamba auksini iliyowekwa mahali pa ncha iliyokatwa huendelea kuvilaza vichipukizi vya chini. Baadaye ikajulikana kwamba auksini inayoshuka shinani huzima pia jeni za IPT zinazotengeneza saitokinini. Kwa hiyo kuongeza BAP bila kupasua ncha ni kupigana na mkondo ambao kisu kingeumaliza kwa sekunde moja. Kwa migomba mingi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ile ya kupika ya Kagera na Uganda, kupasua kunasaidia kuliko kupandisha kipimo.

Kutengeneza midia

Kwa lita moja ya midia ya kuzidisha: chumvi za MS zenye vitamini, gramu 4.4 za unga wa tayari. Sukari gramu 30. BAP miligramu 4.5, sawa na maikromola 20. IAA miligramu 0.175, sawa na maikromola 1. Asidi askobiki miligramu 100. Agari gramu 7 hadi 8. Sukari nyeupe ya dukani inafaa. Ya kahawia ina uchafu unaobadilisha matokeo kutoka mfuko hadi mfuko.

BAP haiyeyuki kwenye maji matupu. Pima miligramu 100, iyeyushe kwa mililita 1 au 2 za sodiamu haidroksaidi ya nguvu ya 1 N, kisha jazia maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake hadi mililita 100. Sasa kila mililita ina miligramu 1, na kwa lita ya midia unachota mililita 4.5. IAA na IBA nazo huyeyushwa kwa matone ya haidroksaidi hiyo au kwa alkoholi. IAA huharibiwa na mwanga na joto, kwa hiyo chupa yake ifungwe karatasi ya alumini, ikae kwenye jokofu, na isizeeke. BAP na IBA ni imara zaidi. Kuna watu wanaolaumu aina ya mgomba wakati IAA yao imekufa siku nyingi.

Ukitengeneza chumvi mwenyewe, kalsiamu usiichanganye na fosfeti wala salfeti zikiwa nzito. Zitagandana na kutuama chini, na utakachomimina ni midia isiyo na kalsiamu. Weka kalsiamu kwenye chupa yake, changanya zikiwa tayari kwenye maji mengi. Chuma pia kiwe kwenye chupa yake pamoja na EDTA, kemikali inayokishika kisituame, gizani.

Rekebisha pH hadi 5.8 kabla ya kutia agari. Ikishuka chini ya 5, agari haishiki vizuri na vipande vinazama. Kumbuka kwamba kupika kwa mvuke kunaishusha pH kwa sehemu ndogo, kwa hiyo kuanza na 5.3 "kwa sababu iko karibu" ni kuanza na hasara.

Kupika ni nyuzi 121 kwa dakika 20. Hapa kuna mtego kwa maabara za mwinuko. Geji inayosoma paundi 15 kwa inchi ya mraba inatoa nyuzi 121 usawa wa bahari. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, shinikizo la hewa ni dogo, na geji ileile ikisoma 15 ndani kuna takriban nyuzi 118. Ongeza nusu paundi kwa kila mita 300, au kama sufuria yako ya presha haipandi zaidi ya 15, ongeza muda hadi dakika 30 au 35. Bakteria wengi "wanaotoka hewani" hutoka kwenye midia isiyoiva.

Kipande cha kwanza, na weusi wake

Chagua mgomba mama uliozaa mkungu mzuri, usio na michirizi ya njano kwenye majani wala dalili ya mnyauko. Chukua chipukizi la majani membamba, si lile la majani mapana. Osha udongo, menya maganda ya nje mpaka ubaki na kipande cha sentimita 5 hadi 10 chenye tunguu kidogo chini. Kiloweke kwenye dawa ya klorini yenye asilimia 1 ya sodiamu haipokloraiti na matone mawili ya sabuni ya maji kwa dakika 20 hadi 30. Soma kibandiko cha chupa uliyonunua: kama kimeandikwa asilimia 3.5, chota mililita 286 ujazie maji hadi lita moja. Chupa iliyokaa jua la dirishani imekwisha nguvu hata kama kibandiko kinasema vingine.

Ingia kwenye kabati la hewa iliyochujwa. Suuza mara tatu kwa maji yaliyopikwa, menya tabaka mbili zaidi kwa kisu kilichochomwa, rudia klorini kwa dakika 10, suuza tena, kisha punguza hadi kipande cha sentimita 1 chenye ncha, vijani vichanga vitatu hadi vitano na msingi wa tunguu wa milimita chache. Usiipende ncha ndogo kupita kiasi. Ikiwa chini ya milimita moja inaponya virusi vingine lakini hufa kirahisi. Ikiwa kubwa inaota haraka lakini inabeba virusi vyote vilivyokuwamo. Miche ya tishu huacha nyuma fukusi, minyoo ya mizizi na kuvu wa mnyauko wa Panama. Virusi haviachwi nyuma kwa kukata tu, na kwa nchi kama Kongo, Burundi na Rwanda, ambako kuna ugonjwa wa virusi unaofanya majani kujikusanya juu, mgomba mama lazima upimwe kwanza.

Baada ya saa chache kipande kinaanza kuwa cheusi na midia inakuwa ya rangi ya chai. Katika seli nzima, fenoli hukaa kwenye vakyuoli, mfuko mkubwa wa ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuzioksidisha hukaa kwingine. Kisu kimevunja kuta, vimekutana, na oksijeni ipo. Kinachotokea ni kwinoni, ambazo hushikamana na protini na kuzilemaza, pamoja na protini zilezile tulizozitegemea zisome homoni. Asidi askobiki kwenye midia na kwenye maji ya kuoshea huzirudisha kwinoni nyuma. Sisteini miligramu 40 hadi 50 kwa lita inafaa pia. Weka chupa gizani wiki ya kwanza. Kipande kikichafua midia, kihamishie kwenye midia mpya baada ya siku chache badala ya kusubiri mwezi utimie, na kata sehemu nyeusi kwa wembamba, maana kila mkato mpana unafungua fenoli mpya.

Mkaa ulioamilishwa hunyonya fenoli hizi vizuri sana, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: unanyonya BAP na auksini vilevile. Ukiutia kwenye midia ya kuzidisha utapata chupa safi, nyeupe, zisizochipua.

Kuzidisha

Chumba kiwe na nyuzi 26 hadi 28, mwanga saa 16, giza saa 8. Hamisha kila baada ya wiki nne. Mara moja au mbili za kwanza usitarajie kitu zaidi ya kijani na uvimbe. Baada ya hapo, aina za Cavendish hutoa machipukizi matatu hivi kwa kila uhamisho. Kwa kuzidisha mara tatu, kipande kimoja kinakuwa 729 baada ya uhamisho sita wa namna hiyo, ukiwa hujatupa hata chupa moja. Hakuna maabara isiyotupa, kwa hiyo panga kwa hesabu ndogo.

Dalili zifuatazo zisomwe pamoja na ishara iliyo nyuma yake. Vivimbe vingi vyeupe vilivyobanana, visivyorefuka, maana yake saitokinini imezidi: meristemu zinajengwa lakini seli hazipewi nafasi ya kurefuka. Shusha BAP hadi miligramu 2.25 kwa uhamisho mmoja. Majani mazito, yanayong'aa kama yamelowa na yanayovunjika kwa kugusa, ni tishu iliyojaa maji. Husababishwa na BAP nyingi, agari kidogo, au mfuniko usiopitisha hewa kabisa, ambapo ethilini, homoni ya mmea iliyo gesi, na unyevu vinakusanyika. Ongeza agari hadi gramu 8, legeza mfuniko wenye kichujio, punguza BAP. Chipukizi moja refu lililosimama peke yake na mizizi chini, kwenye midia ya BAP, linaonyesha kwamba ncha haikupasuliwa au BAP haikuingia. Ukungu wa maziwa unaotokea kuzunguka shina baada ya uhamisho wa pili au wa tatu ni bakteria waliokuwa wakiishi ndani ya tishu. Klorini haikuwafikia. Viuavijasumu huwanyamazisha kwa muda tu, na ukiviacha wanarudi. Tupa mstari mzima, yaani chupa zote zilizotokana na kipande hicho kimoja. Inauma, lakini usipotupa, kisu chako kitawapeleka bakteria hao kwenye chupa nyingine zote.

Mizizi, kisha udongo

Kwa mizizi: chumvi za MS nusu ya kipimo, sukari gramu 30, IBA miligramu 1, mkaa ulioamilishwa gramu 2. Sasa mkaa ni rafiki, kwa sababu kazi yake hapa ni kunyonya BAP iliyobaki. Saitokinini iliyosalia huzuia mizizi kwa njia inayojulikana: katika mzizi wa Arabidopsis, protini ya ARR1 huwasha SHY2, mojawapo ya Aux/IAA, nayo hupunguza PIN. PIN zikipungua, auksini hairundikani mahali pa kuanzisha na kulisha mzizi. Ukiona miche haina mizizi, usikimbilie kupandisha IBA. Ihamishe kwanza mara moja kwenye midia isiyo na homoni yoyote kwa wiki mbili au tatu. Mgomba wenye majani yake hutengeneza auksini yake mwenyewe, na aina nyingi hutoa mizizi zikiachwa tu zipumue.

BAP ina kasoro moja zaidi. Katika mimea fulani seli huiunganisha na glukosi na kuihifadhi chini ya shina katika umbo ambalo halivunjiki kwa urahisi, na hapo huendelea kuzuia mizizi hata baada ya kuhamishwa. Meta-topolini, saitokinini nyingine, huhifadhiwa zaidi katika umbo linaloweza kurudi na kutumika, kwa hiyo haibaki kama mzigo. Ni ghali zaidi, lakini kwa aina inayosumbua kwenye mizizi inastahili gharama.

Mche wa sentimita 6 hadi 8 wenye majani matatu au manne na mizizi kadhaa uko tayari kutoka. Osha agari yote kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu agari ina sukari na sukari inaita kuvu. Panda kwenye mchanganyiko uliopikwa kwa mvuke wa udongo wa msitu, mchanga na samadi iliyooza kabisa, sehemu 2 kwa 1 kwa 1.

Majani yaliyokulia chupani yana nta kidogo, na matundu yake ya hewa hayajajifunza kufunga. Kwa kawaida, jani likikauka, asidi absisiki, homoni ya ukame, hushika vipokezi vyake, navyo vinazizuia protini za PP2C, na kimeng'enya cha SnRK2 kilichoachiwa huru hufungua milango ya chaji katika seli zinazolinda tundu. Maji yanatoka kwenye seli hizo na tundu linafungwa. Jani ambalo halijawahi kukauka halijaijaribu njia hii hata mara moja. Ndiyo maana mche unaweza kufa kwa kiu ukiwa kwenye udongo uliolowa. Funika kwa nailoni, unyevu uwe zaidi ya asilimia 90 wiki ya kwanza, kivuli cha kutosha. Wiki ya pili fungua pembeni asubuhi na jioni, wiki ya tatu ondoa mfuniko hatua kwa hatua. Anayefungua yote siku moja anapoteza, na anayefunika miezi miwili anaozesha. Majani mapya yaliyoota nje ya chupa ndiyo yatakayoubeba mche, ya zamani yatanyauka na si tatizo. Baada ya wiki sita hadi nane kwenye mifuko, mche wenye sentimita 20 hadi 30 na majani matano mapya unaenda shambani.

Miche iliyogeuka

Kuna hitilafu isiyoonekana chupani. Kila uhamisho unaongeza uwezekano wa miche kutofautiana na mama yake: vibete, majani yaliyobanana na vikonyo vifupi, mabaka meupe, mikungu midogo. Baadhi ni mabadiliko ya DNA au ya idadi ya kromosomu. Baadhi DNA ni ileile ila alama za kemikali zilizo juu yake zimefutika. Mfano ulio wazi kabisa uko kwenye mchikichi: mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba miche ya tishu inayotoa matunda yenye kasoro, yasiyofaa kwa mafuta, imepoteza alama za methili kwenye kipande kiitwacho Karma, kilicho ndani ya jeni ya maua. Kipande hicho kikikosa alama, jeni husomwa vibaya.

Migomba yenye sehemu ya Musa balbisiana, mgomba wa mwituni ulio mmoja wa mababu wa migomba ya shambani, ina jambo lake. Baadhi imebeba ndani ya kromosomu zake nakala za virusi vya michirizi ya migomba, zimelala. Msukosuko wa chupa unaweza kuziamsha, na mche uliotoka kwa mama asiye na ugonjwa ukaonyesha ugonjwa. Hili lilionekana kwenye FHIA-21, chotara la AAAB, yaani lenye seti moja ya kromosomu (B) za balbisiana. Kwa machotara ya namna hiyo, kupima mama pekee hakutoshi. Pima na miche iliyo kwenye mifuko kabla ya kuiuza.

Kalasi inayotoka chini ya kipande isitumike kama mbegu ya uhamisho unaofuata, hata ikiwa na vichipukizi vya kuvutia. Chukua vile vilivyotoka kwenye ncha na pembe za majani tu. BAP isipande zaidi ya lazima, na uhamisho usizidi nane. Kadi ya kila mstari iandikwe aina, shamba la mgomba mama, tarehe ya kukata, namba ya uhamisho na chupa zilizotupwa kila mara. Kwenye kitalu, pita kila wiki ung'oe mche wenye vikonyo vilivyobanana, majani mazito au mabaka, na uandike umetoka mstari gani. Mstari ukirudia kutoa miche ya namna hiyo, usiuendeleze hata kama uko kwenye uhamisho wa nne. Ukifika wa nane, rudi shambani, tafuta mgomba ambao mkungu wake umeuona hadi kukomaa, na uanze upya na chipukizi lake.